Makaa Yaliyoliliwa

Kidole gumba changu cha mkono wa kulia hakina mistari. Juzi nilikwenda kusajili laini ya simu hapa Kasulu mjini, kijana akaniambia Bibi weka kidole hapa, nikaweka, mashine ikakataa. Akakifuta kwa kitambaa, nikaweka tena, ikakataa tena. Akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani ujanani, mbona kidole kimesuguka hivi. Nikamwambia hakijasuguka, kiliungua, nikiwa bado na meno ya utoto. Akasema basi leta cha kushoto. Cha kushoto kikakubali, nikarudi zangu nyumbani polepole, maana magoti haya siku hizi yanakwenda yanavyotaka yenyewe, na njia nzima nikawa nakitazama kile cha kulia kama mtu aliyeokota kitu cha mtu mwingine.

Na nyumbani nako kuna mambo. Binti yangu, ambaye ni muuguzi kule Kibondo, ameniletea mtungi wa gesi. Anasema kifua changu hakitaki moshi tena. Nimekubali. Kubishana ni kazi, na kazi nimeshafanya ya kutosha. Jiko langu la mkaa liko nyuma ya nyumba, kuku ametagia humo. Gesi inapika, sikatai, ila haina harufu ya kitu kinachoendelea. Unawasha, inawaka, unazima, imekwisha, hakuna kilichobaki cha kuchokonoa kwa kijiti huku ukiwaza. Jirani yangu yeye bado anawasha mkaa kila alasiri, na ule moshi wa kwanza, ule mzito wa kabla makaa hayajashika, unavuka ua unanifuata mpaka nilipokaa. Sasa kidole huku, moshi huku, nimeomba daftari la mjukuu nimeanza kuandika. Madarasa yenyewe nilisoma matatu tu, kwa hiyo mnivumilie.

Ninyi mliozaliwa wakati wetu hamhitaji kuelezwa habari za mkaa. Tulisugulia meno kwa mkaa na chumvi. Mtungi wa maji ukianza kunuka, mama alitumbukiza vipande vitatu, kesho yake maji yana utamu. Shati la Jumapili lilinyooshwa kwa pasi ya mkaa, na cheche moja ikiruka, basi mwaka mzima unasali na shati lenye tundu. Mpaka wa shamba ulipogombaniwa, wazee walichimba chini kutafuta mkaa uliozikwa na waliotangulia, kwa kuwa mti unaoza na jiwe linahamishwa, lakini mkaa ukishafukiwa haubadiliki. Na sisi tuliozaliwa weusi sana tuliitwa mkaa, mimi mmojawapo, lakini mimi nilikuwa na sababu ya pili ya kuitwa hivyo. Ndiyo ninayotaka kueleza.

Tulikaa upande wa Makere, pembeni kabisa, mashamba yanapoishia na miombo inapoanzia. Wakati ule ilianzia karibu. Leo ukitaka kuona mti wa myombo mnene itabidi upande pikipiki. Nyumbani tulikuwa wanne: Data, ndivyo tulivyomwita baba kwa Kiha chetu, halafu Mama, halafu Bibi aliyemzaa Data, na mimi. Kabla yangu walikufa wawili. Baada yangu Mama alikaa miaka bila kitu, watu wakaanza kumwangalia kwa pembeni, na mwishoni mwa kiangazi kimoja akajifungua mtoto wa kiume, kabla ya wakati wake.

Alikuwa mdogo. Sijui niseme mdogo kama nini. Bibi alimfunga kwenye kipande cha kanga, nafasi ikabaki. Nilikatazwa kumbeba ila niliruhusiwa kumgusa mguu, nikaugusa, ulikuwa wa baridi kama chura. Mama alikuwa amelala naye kwenye chumba cha ndani, na pembeni ya kitanda Bibi aliweka kigae cha chungu kilichojaa makaa mekundu. Yakififia anabadilisha. Mchana na usiku. Kila aliyeingia kumsalimia Mama nilimsikia Bibi akimwambia neno moja tu: "Huyu anataka joto, basi. Akipata joto atakaa."

Siku ya tano, kulipokuwa kunapambazuka, niliamka nikaona Bibi anatoka na wanawake wawili wa jirani. Mmoja ana kikapu kimefunikwa, Bibi amebeba jembe la Mama begani. Walielekea nyuma ya migomba, kule kwenye njia ya porini. Waliporudi kikapu kilikuwa kitupu na jembe limepasuka. Ardhi ya kiangazi ni jiwe, mnajua. Bati la jembe lilikuwa na ufa kutoka kwenye mpini hadi katikati, na udongo mwekundu umejaa ndani ya ule ufa. Nikamwuliza Bibi mtoto yuko wapi. Akaniambia nisimwulize Mama neno hilo hata siku moja.

Leo najua. Kwetu mtoto aliyekufa kabla hajatolewa nje na kupewa jina, wanaume hawamziki. Wanawake wanamchukua alfajiri, baba haonyeshwi mahali, matanga hayawekwi, na haliliwi. Walisema ukimlilia unafunga tumbo, hutazaa tena. Basi watu wanaamka, wanafagia uwanja, wanapika viazi, kama vile hakuja mtu na hakuondoka mtu. Lakini mimi sikuwa najua hilo, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kunieleza. Nilichokuwa nacho ni nilichokiona: mtoto anataka joto, kikapu kimekwenda porini, na asubuhi ileile Data amechukua shoka amekwenda porini.

Alikwenda kwa sababu ya lile jembe. Nyumba nzima ilikuwa na jembe hilo moja la maana. La Bibi lilikuwa limelika limebaki kama kijiko cha kukorogea uji. Mvua za kwanza zilikuwa karibu, mawingu yalishaanza kukaa upande wa Burundi kila jioni, na shamba la mahindi na maharage halijaguswa. Mhunzi wa kwetu alikaa ng'ambo ya mto, na desturi yake ilikuwa kwamba anayetaka jembe alete chuma chake na mkaa wake mwenyewe, matenga mawili yaliyojaa, yeye atatoa mkono na mivukuto ya kupulizia moto. Mkaa huna, jembe huna. Jembe huna kabla ya mvua, mwaka huo unaomba chakula kwa watu. Ndiyo maana Data hakukaa nyumbani hata hiyo siku moja. Au labda alikwenda kwa sababu huko porini hakuna mtu wa kumtazama usoni. Sikumwuliza alipokuwa hai, na sasa hakuna wa kuulizwa.

Nilimfuata. Alikata magogo ya myombo siku mbili, akayapanga chini marefu kwa mafupi, akayafunika kwa nyasi, juu ya nyasi akaweka udongo, mpaka likasimama tuta refu la mviringo, kubwa kuliko kitanda chetu. Pembeni chini akaacha matundu, nafikiri sita. Halafu akarudi nyumbani, akaingia chumba cha ndani, akatoka na kile kigae, chenye makaa yaleyale ya Mama, akaenda nayo akayaingiza kwenye mdomo wa lile tuta. Moshi ukaanza kutoka kwenye matundu, mweupe, mzito, unatoka kidogo, unasita, unatoka tena. Data akaliangalia muda mrefu, akalipapasa kwa kiganja kama mtu anavyopapasa ng'ombe. Akaniambia, "Unaona? Linapumua vizuri."

Basi kwangu mambo yote yakakaa sawa. Wamemjengea mtoto kitanda cha joto. Kigae kilikuwa kidogo, ndiyo maana mguu ulikuwa wa baridi, sasa wamempa kikubwa. Nilifurahi peke yangu bila kumwambia mtu, maana nilishaonywa nisiulize. Siku zile za tanuri nilishinda pale. Data alikuwa analizunguka, panapobomoka anarudishia udongo kwa kile kijiko cha jembe la Bibi, na mimi nilikaa upande niliodhani ni wa kichwa nikamwambia mtoto habari za nyumbani. Mbuzi amezaa. Mama hasemi. Mvua bado. Siku moja nilimpelekea kiazi nikakifukia karibu na tundu, nilipokichimba kesho yake nikakuta kimeiva vizuri hakijaliwa, nikakumbuka hana meno, nikakila mimi.

Mama hakutoka nje siku zote hizo. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, maziwa yanamvuja yanalowesha nguo, Bibi anamfunga kifua kwa kitambaa, na wote wawili wanaongea habari ya chumvi, si ya mtoto.

Siku ya sita ya moto, moshi ukabadilika. Ukawa mwembamba, wa rangi ya bluu kama mbingu ya asubuhi, karibu usiuone. Wachoma mkaa wanajua maana yake: mti umeshaiva, sasa uzibe matundu moto ufe, la sivyo utakula kila kitu. Data alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema keshokutwa tunafukua, na siku inayofuata tuko kwa mhunzi. Akachukua matope akaanza kuziba. Tundu la kwanza, la pili. Mimi nimesimama. Tundu la tatu, la nne. Nikamwuliza, "Data, mbona unaziba?" Akasema, "Limetosha. Sasa linyamaze." Akaziba yote. Kisha akaniambia nikae pale yeye akienda kuoga mtoni, maana alikuwa hajaoga wala kulala kama watu tangu siku ile. Nikiona moto nimwite. Nisipoona moto nisiguse kitu.

Nilikaa. Sikuona moto. Nilichokuwa naona ni tuta ambalo halipumui. Nilibana pumzi yangu mwenyewe nione mtu anaweza kukaa hivyo kwa muda gani, nikashindwa upesi sana. Nikaweka sikio kwenye udongo, nikasikia kitu ndani kinalia, tik, tik, kwa mbali. Sasa niambieni, ninyi mlio watu wazima, mtoto wa miaka sita afanye nini?

Nilichukua kipande cha gogo nikachokonoa tundu la kichwani. Matope yalikuwa bado mabichi, yakadondoka. Moshi ukatoka, nikasema asante Mungu, amevuta pumzi. Nikazibua la pili. Nikazibua yote. Upepo wa saa nane ulikuwa unapanda kutoka mtoni, ukaingia upande mmoja ukatokea upande wa pili, na lile tuta likanguruma kama tumbo. Nikachungulia. Ndani kulikuwa kwekundu, laini, kama ndani ya kinywa cha mtu. Nikaingiza mkono nimtoe.

Sikumbuki kulia, lakini nililia, kwa sababu Data alikuja kutoka mtoni hana shati, maji yanamchuruzika, akanivuta kwa nyuma na udongo wa juu ukaporomoka palepale nilipokuwa nimeegemea. Ningekuwa humo. Alinitupa kwenye nyasi akaanza kurusha udongo kwa mikono, kwa jembe, kwa miguu. Moto ulikuwa umeshatoka juu. Alipigana nao mpaka akakaa chini. Ukabaki upande mmoja, pengine nusu tenga. Mengine yote majivu.

Alikuja akashika mkono wangu, akaupaka matope ya baridi, halafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, na ile sauti ndiyo iliyonitisha kuliko kipigo, "Ulikuwa unatafuta nini humo?"

Nikamwambia, "Mtoto."

Akaangalia yale majivu, akaangalia mkono wangu. Akasema, "Hayumo, mwanangu." Kisha akasema, "Hata mimi sijui walipomweka."

Tulirudi nyumbani amenibeba mgongoni, mtoto mkubwa mimi, miguu inaburuza. Bibi alipotuona alianza kufoka kabla hatujafika, kwamba mvua hiyo inakuja, kwamba tutalima kwa kucha, kwamba mtoto gani huyu. Mama akatoka. Alisimama mlangoni ameshika mwimo, jua likamwumiza macho. Data akamweleza. Alieleza polepole, hakuruka kitu: matundu, upepo, mkono, na nilichosema nilipoulizwa. Mama akashuka chini pale mlangoni akakaa, miguu ameinyoosha mbele kama wanawake wanavyokaa msibani, akalia. Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Ilikuwa kama kitu kinachobomoka kwa vipande.

Bibi akamsogelea haraka. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Nyamaza. Huyo haliliwi, unajua."

Mama akamwangalia. "Simlilii mtoto," akasema. "Nalilia makaa yangu."

Mila zote Bibi alizijua, na hakuna mila inayokataza mtu kulilia makaa. Akageuka akaingia jikoni.

Jirani wa kwanza kusikia alikuwa mama mmoja aliyevuka kutoka Burundi na wanawe, wanalima kipande cha kukodi jirani yetu. Yeye mwenyewe alikuwa amezika mtoto njiani, alikuja kutuambia baadaye. Alikuja mbio akidhani kuna maiti, akauliza kuna nini, Mama akamjibu neno lilelile. Yule mama alisimama kidogo. Halafu akakaa chini karibu yake, akanyoosha miguu, akamshika mkono akasema, "Pole kwa makaa."

Wakaja wengine. Siku tatu walikuja. Walikaa uwanjani kwetu wanawake upande huu, wanaume upande ule na Data, wakimwambia pole kwa makaa, pole sana kwa makaa, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Mimi mkono umefungwa kwa majani ya mgomba, nakaa katikati yao nasikiliza, nikijua kwamba kweli nimeharibu kitu kikubwa sana, maana watu wazima wote wanalilia mkaa. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na nilielewa hivyo kwa miaka mingi. Nakumbuka mwanamke mmoja mzee akamwuliza Mama, "Yalikuwaje, makaa yako?" Mama akafikiri. Akasema, "Yalikuwa madogo. Lakini mazuri." Siku ya tatu Bibi naye alitoka jikoni, akajifuta mikono, akakaa pembeni ya Mama, akalilia makaa kuliko wote. Yeye ndiye aliyekuwa amechimba.

Kwenye msiba mtu haendi mikono mitupu. Sasa huu ulikuwa msiba wa makaa, watu wakaleta makaa. Huyu kwenye ungo, huyu kwenye kibuyu kilichovunjika, yule mama wa Burundi alileta kwenye upindo wa kanga, vipande kumi hivi, na jioni ile kwake najua hawakupika. Ukiunganisha na vile vya Data, likajaa tenga moja na kidogo.

Mhunzi alipima kwa macho akatikisa kichwa. Tenga moja halitoi jembe zima. Akakata lile lililopasuka, akatupa upande wenye ufa, akafua kilichobaki. Likatoka jembe la upana wa kiganja. Mvua zikaja wiki ileile. Mama aliinama na hicho kijembe msimu mzima, mistari miwili pale ambapo wengine wanakwenda mmoja, na hakumaliza hata nusu ya shamba. Maharage yalipatikana kidogo, mahindi yalichelewa jua likayakuta. Mwaka ule tulikula viazi mpaka nikavichukia, na mpaka leo sivipendi, binti yangu anajua. Watoto wenzangu wakaniita Makala, yaani mkaa kwa Kiha, wakiniona wananiuliza umemwona mtoto humo? Hawakuwa na ubaya. Walisikia kwa wakubwa, na wakubwa walisema kwa kuchoka.

Kile kijembe Mama alikaa nacho mpaka nikaolewa. Ningependa kuwaambia kwamba ninacho hapa, nakitazama nikiandika. Sina. Vijana wanaonunua vyuma chakavu walipita, mjukuu akakiuza pamoja na sufuria iliyotoboka. Sikumgombeza.

Mama hakuzaa tena. Bibi alikufa akiamini ni kwa ajili ya yale machozi, Mama yeye hakusema anaamini nini. Alizeekea kwangu hapa Kasulu. Miaka yake ya mwisho alikuwa anahisi baridi hata mchana, nikawa namwekea jiko la mkaa mlangoni, mlango wazi moshi usimdhuru, naye ananyoosha mikono. Alikuwa haongei sana. Siku moja alasiri nilikuwa nampepelea makaa yashike, akanishika mkono wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akakipapasa hiki kidole kwa muda mrefu. Macho yalikuwa hayaoni tena vizuri, alikuwa anasoma kwa ngozi.

"Ulimfikia?" akaniuliza.

Miaka yote ile hatukuwahi kulisema. Niliweka pepeo chini. Nilikuwa nimechoka, yeye amechoka zaidi, na jibu nililokuwa nalo lilikuwa moja.

"Nilimfikia, Mama," nikamwambia. "Alikuwa wa moto."